Faneli

Daktari wa Auch ni binti wa juzi.
Alinipaka ubavuni utelezi wa baridi,
kioo kikawaka.
"Bwana Darroux, ini lako linang'aa."
Kung'aa huko hakukuwa sifa.

Nikamwambia, binti, ini mimi nalijua.
Miaka thelathini na minne nawalisha mabata,
asubuhi na jioni, siku kumi na mbili,
shingo kiganjani, faneli kooni,
mahindi yakishuka kama kokoto kisimani.
Kwa dole gumba tu, juu ya manyoya,
nalitambua lililoiva:
limevimba, limepauka, rangi ya siagi,
laini hata kisu kinaona haya.
Hilo ndilo la Krismasi. Hilo ndilo la bei.
"La kwangu ungelinunua kilo shilingapi?"
Hakucheka.

Maneno yake yalinikata maini,
na maini ndiyo yaliyokuwa mazungumzo.
Ila mwisho alisema: makovu bado.
Hilo "bado" nililibeba hadi nyumbani
kama yai bichi mfukoni mwa koti.

Usiku nikapiga hesabu, Maite akiwa amelala:
mkate mweupe uliochovya mafuta ya bata,
soda ya machungwa juu ya trekta, chupa nzima kwa kiu moja,
brandi ya baba mkwe ya kushushia chakula,
na ya pili, ya kuishushia ya kwanza.
Bata ana udhuru, alikabwa.
Mimi alinikaba nani?
Faneli yangu naishika mwenyewe,
na kila Jumapili naisugua ing'are.

Kisha nikamkumbuka yule wa mwaka wa mafuriko.
Siku ya kumi, ini limeshajaa,
alipenya ukuta uliobomoka, akatokomea.
Mwezi ukapita. Tukamkuta nyuma ya kinu cha maji,
anachokora matope, anameza konokono,
anatembea, anatembea, hana wa kumlisha.
Nilipompasua nilidhani nimekosea mnyama:
ini dogo, jekundu, la kawaida,
kama la bata asiyewahi kuiona faneli.
Nilikasirika siku ile. Hasara.
Leo nalitafuta kaburi lake, wakati nilimla.

Basi natoka kabla jua halijaparaza mizabibu,
natembea hadi kinuni na kurudi,
goti la kushoto linalalamika, nalo naliacha lilalamike.
Dengu. Kabeji. Samaki wa Alhamisi.
Kahawa nimeruhusiwa, mradi sukari ibaki koponi.
Soda nimeiacha. Brandi, Mungu shahidi, nimeiacha mara tatu.
Shemeji Sidonie alinipakulia maharage na mapaja mawili,
nikasema limoja latosha, meza nzima ikanyamaza
kama vile nimemtukana marehemu mama yao.
"Unaumwa?" "Siumwi. Ndiyo maana."
Hakunipa tena chumvi hadi jioni.

Kilo saba zimeondoka tangu Februari, sijui zimekwenda wapi.
Daktari anataka nyingine tatu, polepole,
anasema ini halipendi kukurupushwa.
Nabonyeza chini ya mbavu kwa dole gumba hilihili
lililosoma maini elfu na maelfu,
na la kwangu sisomi kitu.
Halisemi. Halikuwahi kusema.

Jana kundi jipya limeingia bandani.
Ndiyo kazi, mkopo wa ghala haujaisha, sijui nyingine.
Nikamshika wa kwanza, nikainua faneli,
akanigeuzia jicho moja, dogo, jeusi, lenye maji.
Tukakaa hivyo, mahindi yakipoa,
kama wagonjwa wawili kwenye benchi
wakisubiri nani ataitwa kwanza.